Je, zaka yangu inaweza kulipa deni la hospitali la jirani?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Nauza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Jirani yangu mvuvi aliteleza kwenye boti akavunjika paja. Amewekewa vyuma, na sasa hospitali inamdai shilingi 380,000. Mwaka wangu wa zaka umetimia. Naweza kwenda kulipa mwenyewe dirishani bila kumpa fedha mkononi? Na mfuko wa matibabu wa msikiti wetu, zaka inafaa kuingia humo?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amponye jirani yako.

Inafaa, dada yangu. Sura At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaopewa zaka, na mafukara na wenye madeni wamo. Huyu anaingia kwa milango miwili: mvuvi asiyeweza kupanda boti hana riziki, na deni lake ni la halali lililomshinda.

Ila lipo sharti ambalo wengi hulisahau. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ukimlipa mdai bila idhini ya mdaiwa, deni huondoka lakini zaka yako haijatoka. Fedha ile ni haki yake, na yeye ndiye wa kusema iende wapi. Basi mwendee nyumbani, umwambie, "Nina fedha yako, unaniruhusu niifikishe hospitali?" Akikubali, umekuwa wakili wake.

Tena mwulize faraghani, si pale mnapoanika dagaa. Nimekaa na mzee mmoja aliyelipiwa matibabu, wakampiga picha kitandani shuka limemshuka, picha ikazunguka kwenye simu za mtaa mzima. Alipona mguu, lakini mtaa ule hakuupita tena. Al-Baqara, aya ya 264, inatukataza kubatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Naumia kila nikimkumbuka.

Kuhusu mfuko, wekeni masanduku mawili. La zaka liwe la Waislamu mafukara na wadaiwa kwa majina yao, na mweka hazina awe na idhini zao. Vitanda, dawa za akiba na mashine visinunuliwe kwa zaka. Wapo maulamaa wa zama hizi waliolipanua fungu la "fi sabilillah" (katika njia ya Mwenyezi Mungu) hadi huko, lakini mimi sioni hivyo, kwani fukara atakosa chake huku jengo likipata rangi. Hayo yatoke kwenye sadaka na wakfu, na hapo hata jirani Mkristo anatibiwa bila tatizo.

Hesabu yako: thaminisha dagaa walioko stoo kwa bei ya leo, ongeza fedha taslimu, utoe elfu 25 kwa kila milioni, ikiwa mali imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka.

Risiti iandikwe jina lake, umkabidhi. Na kama fedha uliyomtengea imezidi deni, chenji ni yake, hata ikiwa elfu mbili.

Wallahu aalam.