Ugomvi wa msafara wa pikipiki huanzia kwenye tangi

Makundi mengi ya pikipiki yanayovunjika njiani hayavunjwi na tabia za watu. Huvunjwa na mambo matatu ambayo hayakuzungumzwa kabla ya kuondoka: mafuta, mwendo na kusimama. Mmoja anasubiri juani, mwingine anahangaika kuwafikia wenzake, wa tatu kakaukiwa tangi pasipo na kituo. Ikifika siku ya tatu watu hawataki hata kukaa meza moja. Yote haya yangemalizwa kwa maongezi ya dakika kumi, kabla helmeti hazijavaliwa.

Tuanze na mafuta. Kipimo cha kundi ni tangi dogo kuliko yote, si tangi la kiongozi. Pikipiki yenye tangi la lita 12 na inayokula lita 4 kwa kilomita 100 inaweza, kwa hesabu ya karatasini, kwenda kilomita 300. Ongeza mabegi pembeni, upepo wa mbele na mwendo wa 110 badala ya 90, ulaji unapanda hadi lita 5 au zaidi, na hizo 300 zinabaki 240 au pungufu. Kwa pikipiki ya namna hiyo panga kujaza kila kilomita 180 hivi. Kundi likiingia kituoni, kila mmoja anajaza, hata ambaye geji yake inasoma nusu. "Mimi bado ninayo" ni kauli inayochelewesha misafara kuliko pancha, maana baada ya kilomita 60 ni huyohuyo anayenyoosha kidole kwenye tangi lake, na wote mnasimama upya.

Kusimama nako kuna hesabu yake. Mtu peke yake hujaza mafuta, hunywa maji na kuondoka kwa dakika tano. Watu sita huchukua dakika ishirini: huyu anavua glavu, yule anatafuta choo, mwingine alikuwa tayari ila sasa anatafuta ufunguo aliokwisha kuuweka mfukoni. Hakuna dawa ya hilo. Kinachosaidia ni kuunganisha mambo: mafuta, choo, maji na kukagua tairi kwa macho, yote kwenye kituo kimoja, takriban kila saa moja na nusu. Zaidi ya saa mbili bila kushuka, mtu anaanza kuitazama barabara bila kuiona. Kiongozi atangaze saa ya kuondoka, na saa hiyo iwe ya kuwasha injini. Anayeanza kuvaa helmeti saa hiyo keshachelewa.

Mwendo ni wa aliye nyuma

Msafara hunyooka na kusinyaa kama mpira wa manati. Kiongozi akitoka kwenye tuta au makutano na kurudi kwenye 80, wa pili anachelewa kidogo kuongeza mwendo, wa tatu anachelewa zaidi, na nafasi inazidi kufunguka kadiri unavyokwenda nyuma. Wa mwisho hulazimika kupiga 100 au zaidi ili kuwafikia watu ambao wenyewe wanaapa kwamba walikuwa wakienda polepole. Ndiyo maana kumweka mgeni au mwenye pikipiki ndogo nyuma kabisa "asisumbuliwe" ni kosa kubwa. Hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko pote. Mweke wa pili, nyuma ya kiongozi, ili kiongozi amwone kwenye kioo na apunguze mwendo kwa kipimo chake.

Mwisho wa msafara akae dereva mzoefu, anayejua kuziba pancha, mwenye pampu na taa inayoonekana vizuri kwa mbali. Huyu hampiti mtu wa kundi lake hata siku moja. Kazi ya kiongozi baada ya kila tuta, mji au makutano ni kubaki kwenye mwendo mdogo hadi aone taa ya mfungaji huyo kwenye kioo. Wakizidi saba, gawanyeni makundi mawili yanayoachana dakika kumi. Kundi refu haliwezi kupitwa na magari kwa usalama, na madereva wenye haraka watajipenyeza katikati kwa lazima.

Kwenye barabara nyoofu na pana, nendeni kwa zigizaga: kiongozi upande wa njia ulio karibu na mstari wa katikati ya barabara, wa pili upande wa pembeni akiwa nyuma kwa sekunde moja, wa tatu nyuma ya kiongozi moja kwa moja kwa sekunde mbili. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa unakata mita 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili ni mita 50. Wengi wakiiona nafasi hiyo huhisi ni kubwa mno na kwamba gari litaingia. Liache liingie, litatoka. Kona, mvua, lami mbovu na daraja jembamba vinataka mstari mmoja, kila mtu na upana wote wa njia yake, kwa sababu kwenye kona dereva anahitaji pa kusogea kushoto au kulia bila kumuuliza jirani. Kwenye vumbi usihesabu sekunde. Subiri mpaka uione barabara, hata kama mtaachana mita mia kadhaa. Kwenda sambamba wawili wawili kunapendeza kwenye picha tu.

Kupita gari ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Kiongozi akishapita, ajue kuna wanaofuata, asonge mbele awaachie nafasi ya kurudi njiani. Lakini kumfuata kwa sababu "yeye kapita" ndiko kunakoua. Barabara aliyoiona yeye ilikuwa ya sekunde tano zilizopita.

Kwa makutano kuna kanuni moja isiyohitaji simu wala redio: kila mtu anamtunza aliye nyuma yake. Usikate kona mpaka wa nyuma amekuona unakata. Usipomwona kwenye kioo, punguza. Asipotokea, simama mahali salama. Aliye mbele yako atakukosa naye atasimama, na habari itamfikia kiongozi yenyewe bila mtu kurudi nyuma kwa kasi. Kosa la kawaida ni watu watatu kugeuza kwa pamoja kumtafuta mmoja aliyesimama kufunga kamba ya begi. Arudi mmoja, wengine wabaki.

Ishara zitolewe kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia una kazi ya mafuta na breki ya mbele. Kubalianeni ishara nne au tano, msiongeze: kidole kwenye tangi ni mafuta, kiganja kikishushwa chini ni kupunguza mwendo, kidole kimoja juu ni mstari mmoja, mguu ukinyooshwa nje ni shimo au mchanga upande huo. Redio za ndani ya helmeti ni nzuri kwa kiongozi na mfungaji. Kundi zima likiwa hewani, soga zinashinda taarifa, na betri zinakwisha mchana ule mnapozihitaji.

Pancha

Misumari mingi huingia tairi la nyuma. La mbele hupita juu ya msumari uliolala na kuuinua, la nyuma linakuja kuumeza. Mkia ukianza kuyumba, punguza mafuta taratibu na tumia breki ya gurudumu lililo zima.

Tairi lisilo na tyubu ni kazi ya dakika kumi na tano. Usichomoe msumari mpaka vifaa vyote viko mkononi, na angalia umeingia kwa mwelekeo gani, kwani tundu si lazima liwe limenyooka. Kwangua tundu kwa tupa ya duara, pitisha utambi wa raba kwenye sindano yake, upake gundi, usukume ndani mpaka zibaki ncha za sentimita moja hivi, kisha vuta sindano kwa mkupuo mmoja. Kata ncha, jaza upepo, paka mate uone kama kuna mapovu. Tundu la ubavuni mwa tairi utambi hauliwezi, tafuteni usafiri wa kuibeba pikipiki.

Tairi lenye tyubu linataka mikono ya wenzako. Kazi ngumu kwanza ni kulibandua kwenye rimu, na hapo pikipiki ya jirani ndiyo chombo bora. Toa kiini cha valvu upepo wote uishe. Laza gurudumu chini bila diski ya breki kugusa ardhi. Weka stendi ya pembeni ya pikipiki ya pili juu ya ukingo wa tairi, karibu kabisa na rimu, kisha watu wawili waiinamishe taratibu upande wa stendi. Ukingo utashuka. Ukishatoa tyubu, tafuta kilichoitoboa kwa kupitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba uliosahaulika utaua tyubu ya pili kabla hamjafika mbali. Kiraka hakishiki gundi ikiwa mbichi: kwangua, paka nyembamba, subiri kama dakika tano hadi isinate kidoleni.

Kurudisha tairi ndiko kunakotoboa tyubu nyingi mpya. Sehemu ya mwisho inakaza, mtu anatumia nguvu kwenye nondo ya tairi, na tyubu inabanwa. Sababu yake iko upande wa pili: ukingo wa pale haujashuka kwenye bonde la katikati ya rimu. Piga goti juu yake, jaza tyubu upepo kidogo tu ikae duara, endelea kwa vipande vidogo, na sehemu ya mwisho itaingia karibu kwa mikono mitupu. Tyubu ya inchi 21 ya mbele inaweza kushindiliwa kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18 ikawafikisha mjini. Ndiyo maana akiba ikiwa moja, iwe hiyo.

Vifaa vya kundi vigawanywe, ila spana ya ekseli kila mtu abebe yake. Pikipiki tofauti zina nati tofauti, na bila hiyo hakuna gurudumu linalotoka. Mmoja achukue pampu ya umeme wa volti 12, mwingine nondo na viraka, mwingine nyaya za kuamshia betri, fyuzi, kiungo cha cheni, waya na gundi ya chuma. Andikeni nani ana nini. Boksi la huduma ya kwanza likae mahali palepale kwenye kila pikipiki, mathalani juu kabisa ya begi la kushoto, kwani atakayelitafuta anaweza asiwe mwenyewe. Karatasi yenye jina, dawa anazotumia na namba ya ndugu ikae mfuko wa kifuani. Na mtu akianguka, wa kwanza kufika asimkimbilie kabla ya kuhakikisha magari yanayokuja yamezuiwa. Helmeti haivuliwi kama anapumua vizuri.

Jioni

Cheni ipakwe mafuta mnapofika, ikiwa bado ya moto, ipate usiku mzima wa kunywa. Asubuhi mafuta hayo yangerukia tairi. Pima ulegevu katikati ya sehemu ya chini: pikipiki nyingi za barabarani zinataka milimita 25 hadi 35, zile ndefu za njia mbovu zaidi ya hapo, na neno la mwisho ni la kitabu chake. Ukikosea, kosea upande wa kulegea kidogo. Cheni iliyokazwa mno na kubebeshwa mizigo hula beringi za giaboksi. Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi.

Chakula na malazi vilipiwe kwa mfuko mmoja unaoshikwa na mtu mmoja, wote wakichanga sawa na kuongeza ukipungua. Mafuta kila mtu alipe yake. Anayekoroma ajitangaze mapema. Viziba masikio mbebe vya kutosha, na mchana mvivae chini ya helmeti, kwa kuwa kelele ya upepo kwa mwendo wa 100 inaweza kuzidi desibeli 90 na inachosha kuliko kiti.

Agianeni kwenye kituo cha mwisho cha mafuta. Baada ya hapo kila mmoja anawaza nyumbani kwake, mwendo unapanda, na hakuna anayetazama kioo. Vunjeni msafara hapo rasmi, gawaneni kilichobaki kwenye mfuko wa kundi, kila mtu aende kwa mwendo wake, na atume ujumbe akifika.