Kabla ya kifaa cha kuonea samaki, jifunge kikamba chekundu

Mkuu, umesema umepata boti ya faiba ya futi 16 na mashine ya HP 15, unavua wikendi kujifurahisha tu, na unauliza kama laki nane ulizobakiza uzimalizie kwenye kifaa cha kuonea samaki. Mimi navua Kunduchi, upande wa Mbudya, mwaka wa kumi na moja huu. Subiri kwanza.

Anza na kile kikamba chekundu kilichojisokota kama waya wa simu ya mezani. Wengi tunakiacha kimechomekwa kwenye swichi ya kuzima mashine, ncha ya pili inaning'inia. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku moja ya kusi narambaza peke yangu, yaani navuta mshipi nyuma ya boti inayokwenda, wimbi likanipiga ubavuni, nikajikuta majini. Boti haikusimama. Mpini ulipokosa mkono ukajipinda, boti ikaanza kuzunguka na mimi nimo ndani ya duara. Ilinipitia mara tatu, mara ya tatu niliona propela kabisa. Kisha mpira wa mafuta ukachomoka, mashine ikafa. Mpira ule nilikuwa nautukana wiki nzima kwa kulegea!

Ukifunga kikamba mguuni au kwenye laifu jaketi, ukianguka kinachomoka na moto wa plagi unakatika hapo hapo. Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti za chini ya futi 26 zenye swichi hiyo. Nunua na cha akiba ukiache botini, maana ukianguka nacho, uliyemwacha ndani atawashaje mashine aje kukuokota?

Pili, ndoana za duara, zile ncha yake imegeukia shina. Changu akimeza ndoana ya kawaida inamkamata tumboni, na mdogo uliyetaka kumrudisha anakufia mkononi. Hii ya duara huteleza mpaka pembeni mwa mdomo ndipo inanasa. Ila usikutue mshipi, yaani usiuvute ghafla! Mimi mwezi mzima nilirudi na ndoo tupu kwa mazoea ya kukutua. Unamwachia aondoke nao, unakaza taratibu. Na chambo kisizibe ule uwazi wa ndoana.

Pesa ikibaki, haya, nunua hicho kifaa. Akina Furuno wa Japani walikifanya kiwe cha kazi mwaka 1948, na kanuni ni ile ile: sauti inakwenda majini kama mita 1,500 kwa sekunde, mwangwi ukirudi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 150, basi chini yako kuna mita 75. Mimi kinanisaidia zaidi kuona ukingo wa mwamba kuliko samaki wenyewe. Kile kipande kinachozama majini usikifunge karibu na propela. Changu nilikifunga hapo, wiki mbili nikawa natazama mapovu nikidhani ni vibua.