Ninavyowatengenezea samaki wangu wa maji chumvi chakula cha kugandisha

Chakula cha kwanza nilichowatengenezea samaki wangu kilimuua mmoja wao. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza namna ya kutengeneza wanataka vipimo: kamba gramu ngapi, ngisi gramu ngapi. Vipimo nitavitaja, lakini havikuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa blenda.

Nina tangi la lita 500 sebuleni, hapa Dar es Salaam. Ndani yake yumo kangaja wa buluu, tasi, kikande mdogo na klauni wawili wa rangi ya chungwa. Wakati ule nilikuwa pia na samaki kipepeo. Nilinunua kilo ya kamba na nusu kilo ya ngisi, nikavitia kwenye blenda pamoja na maji na vitunguu saumu, nikasaga mpaka ukatoka uji laini kama wa mtoto. Nikaumimina kwenye trei za barafu. Kesho yake jioni nikadondosha kipande kizima ndani ya tangi. Kikayeyuka, na maji yakageuka tui. Samaki waliambulia punje mbili tatu. Kilichobaki kikazama kwenye mchanga na kati ya mawe. Asubuhi sebule inanuka, kipimo kinaonyesha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na kipepeo, ambaye ilinichukua miezi minne kumzoesha kula, amelala ubavu chini ya jiwe.

Baharini chembe kama zile huchukuliwa na mkondo, zikaliwa na viumbe wengine. Kwenye tangi hazina pa kwenda. Bakteria huziozesha, inatoka amonia, amonia inageuka nitriti, kisha nitrati. Na fosfeti inayobaki inalisha ule mwani wa kijani unaofunika vioo na mawe. Samaki hanywi supu. Anakula anachoweza kukiona na kukidaka, kwa hiyo chakula kizuri ni kipande kinachoingia kinywani mwake, kisichoacha kitu majini. Tangu siku ile nakata kwa kisu, kila kitu, hata kama ni kazi ya saa mbili.

Nanunua Feri, soko la samaki la hapa mjini, mapema, mnada wa asubuhi ukiwa bado unaendelea. Kamba wengi wanaofika pale wanatoka upande wa delta ya Rufiji. Nachagua wabichi, wenye ganda linalong'aa na kichwa kilichoshikamana na mwili. Kichwa kikilegea na kuanza kuwa cheusi, huyo muache. Kamba wa waridi mara nyingi ni waliokwisha kuchemshwa, nao siwatumii. Ngisi awe anateleza, ana madoa yanayoonekana vizuri, ananuka bahari tu. Kwa samaki wa nyama nyeupe nachukua yeyote aliyebaki kwenye fungu la bei nafuu, ili mradi matamvua ni mekundu. Mama anayeniuzia ngisi huniwekea mayai ya samaki kila anapoyapata. Mwanzoni alishangaa. "Mwanangu, samaki wale samaki tena?" Nikamwambia huko baharini ndivyo wanavyoishi, akakubali. Mayai yale ni hazina kwa samaki wenye vinywa vidogo kama klauni, maana kila yai tayari lina ukubwa unaofaa.

Ukiishi mbali na pwani, ukalazimika kununua waliogandishwa supamaketi, soma lebo kabla ya bei. Kamba na ngisi wa viwandani mara nyingi huchovywa kwenye dawa ya fosfeti ili nyama ishike maji na kuongeza uzito. Utaiona imeandikwa sodium tripolyphosphate au E451. Nyingine ni E223, ambayo huzuia kamba wasiwe weusi. Mtu anahangaika na mwani kwenye tangi miezi mitatu, anabadilisha maji kila wiki, kumbe fosfeti anaiingiza mwenyewe kwa kijiko kila jioni. Chukua ambaye kwenye viungo pameandikwa kamba tu.

Nyumbani ninaanza na ngisi, kwa kuwa ndiye mwenye usumbufu. Vuta kichwa, utumbo utatoka nacho. Angalia usipasue mfuko wa wino. Toa ule ukucha mwangavu ulio ndani ya mwili, menya ngozi, kisha kata nyama iwe nyuzi nyembamba na uzikate tena ziwe vipande vya milimita mbili tatu. Nyama ya ngisi inateleza na kunyumbuka, haikatiki vizuri ikiwa na joto. Iweke kwenye friza nusu saa kwanza, ianze kukakamaa, na kisu kitapita bila taabu. Fanya hivyo hivyo kwa kamba na samaki. Kamba natoa kichwa na ule uzi mweusi wa mgongoni. Maganda machache nayaacha kando kwa ajili ya kikande, maana anahitaji kitu kigumu cha kuguguna.

Kwa kilo moja natumia takriban gramu 400 za kamba, 300 za ngisi, 200 za samaki mweupe na 100 za mayai. Sizipimi kwa ukali. Kome au chaza nikiwapata naongeza wachache. Ninachokizingatia zaidi ni mchanganyiko wenyewe, kwa sababu baadhi ya kome, chaza na samaki wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na kugandisha hakukizuii. Samaki anayelishwa vitu hivyo peke yake kila siku, mwezi baada ya mwezi, anaweza kudhoofika huku tumbo limejaa. Nyama ya ng'ombe au moyo wake sitii kabisa. Wapo wanaowalisha samaki wa maji baridi, lakini mafuta ya mnyama yanaganda, na samaki wa bahari anahitaji mafuta ya omega 3 ya baharini, ambayo mwili wake hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Chumvi, limau na viungo vya jikoni, hapana. Vitunguu saumu nimeviacha; sikuona vikiwafanyia samaki wangu chochote.

Kangaja na tasi wanahitaji majani. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, wanamjua tasi vizuri, maana huja kula mashamba yao. Mimi hutumia karatasi za mwani zile za kufungia wali wa Kijapani, zisizokolezwa chumvi wala mafuta. Nakatakata nne au tano ndani ya mchanganyiko, na mbali na hapo nabana kipande kimoja kiooni kila asubuhi. Kangaja ni wa kudonoa mchana kutwa. Ukimpa mlo mmoja mkubwa jioni, anashinda na njaa na kuanza kuwasumbua wenzake.

Sasa kusuuza, hatua ambayo watu huiruka. Vipande vyote naviweka kwenye chujio lenye matundu madogo, navimwagia maji baridi mpaka yanayotoka chini yawe maangavu. Maji ya kwanza huwa kama maziwa ya waridi, na yote yale yangeingia kwenye tangi. Halafu naacha vijichuje robo saa. Mayai na mwani nachanganya baada ya hapo, visije vikaondoka na maji.

Kwenye kugandisha, achana na trei za barafu. Kipande ni kikubwa mno na kinachukua muda kuganda katikati. Mimi najaza mifuko ya zipu kidogo tu, naisawazisha mpaka unene wa nusu sentimita, natoa hewa, kisha kwa mgongo wa kisu nachora mistari ya miraba juu ya mfuko. Mifuko inalala bapa kwenye friza. Ikiganda, unavunja mraba mmoja kama unavyovunja chokoleti. Naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito na naimaliza ndani ya miezi mitatu, kwani baada ya hapo mafuta yanaanza kuchacha. Mifuko yote naiweka ndani ya boksi lenye kifuniko, kwa heshima ya mke wangu na barafu yake ya juisi.

Siwapi samaki chakula hicho siku ile ile. Kinakaa friza angalau wiki moja kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, maana baridi hiyo inaua vimelea wengi wanaokuja na nyama mbichi. Bakteria haiwamalizi, kwa hiyo usafi wa ubao na mikono ni ule ule wa chakula cha watu.

Wakati wa kulisha navunja mraba mmoja, nautia kwenye kikombe chenye maji kidogo ya tangi, unayeyuka kwa dakika kumi. Naupitisha tena kwenye chujio dogo la chai, maji namwaga kwenye sinki. Hapo ndipo nadondosha matone ya vitamini juu ya nyama na kuiacha dakika chache inyonye. Zamani nilikuwa natia vitamini kwenye mchanganyiko mzima kabla ya kugandisha, lakini vitamini C hupotea kadiri chakula kinavyokaa. Mafuta ya samaki nayo nayatia kidogo, mara moja kwa wiki, na siku hiyo ile mashine ya kutoa povu, inayoondoa uchafu majini, huacha kutoa povu kwa saa kadhaa. Usishtuke, inarudi yenyewe.

Nazima pampu ya mkondo, natia kidogo kidogo kwa koleo ndogo, nasimama hapo. Chakula kinatakiwa kiishe ndani ya dakika mbili. Kikibaki, nakitoa kwa kijiko cha wavu, na kesho yake napunguza. Kisha nawasha pampu. Nimebandika karatasi kwenye swichi ya ukutani ili nisisahau.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikijaa vizuri na mlango ukabaki umefungwa, itashika baridi karibu siku mbili. Ukirudi, bonyeza mfuko mmoja kwa kidole. Ukiwa mgumu, au bado una chenga za barafu ndani, rudisha. Ukiwa umelainika wote, utupe, hata kama ulitengenezwa jana na kamba walikuwa ghali. Mwezi wa nne mwaka huu nilitupa mifuko sita, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa Feri saa kumi na mbili asubuhi.