Mchezo wa Kuigiza Ambao Mgonjwa Wake Haumwi Popote

Ukitangaza semina ya afya ya wanaume hapa Birmingham, watakuja wake zao. Tangaza mchezo wa kuigiza, chakula kikiwepo, na wanaume watakuja wenyewe. Nimekuwa nikiandaa maonyesho ya namna hii Handsworth, ambako Wajamaika, Wakongomani, Wakenya na Watanzania tunaishi mtaa mmoja. Kwa mwenzangu anayetaka kuanza kwao, haya ndiyo ninayomshauri.

Chagua ugonjwa mmoja tu. Sisi tulichagua saratani ya tezi dume, kwa sababu hapa Uingereza humpata mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne katika maisha yake, ilhali kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Na serikali haikutumii barua ya kukuita upimwe, kama wanawake wanavyoitwa kupimwa matiti. Usipouliza mwenyewe, huenda usiulizwe kamwe.

Ugumu wa kuuandikia mchezo ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi mwanzoni hauna dalili yoyote. Waigizaji wengi hupenda mzee anayeshika kiuno na kukimbilia choo usiku kucha. Kataa. Mtazamaji anayelala fofofo atajiambia, "Huyo si mimi," na hapo umeshampoteza. Mhusika wetu ni dereva wa basi, ana miaka 47, mzima wa afya, anacheza mpira Jumapili. Kinachomsumbua ni swali la binti yake mezani, akijaza fomu kwenye simu:

"Baba, babu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Uzee."

"Si ulisema alikuwa na miaka 58?"

Tunasimamisha mchezo hapo hapo. Mwanamume ambaye baba au kaka yake aliugua saratani hii ana uwezekano wa kuipata mara mbili na nusu zaidi ya asiye na historia hiyo, lakini katika familia zetu ni wangapi wanaojua kwa hakika baba aliondoka na nini? Kimya hicho ndicho kiini cha mchezo.

Baada ya hapo watazamaji wanakaribishwa kukalia kiti cha dereva na kuendelea wao. Mbinu hii tumeitoa kwa Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazili, ingawa Mswahili hahitaji kuifuata mbali hivyo: Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya sanaa za maonyesho na wanavijiji zamani sana, wanavijiji wakijadili matatizo yao wenyewe.

Anayenyanyuka kwanza kwa kawaida hujifanya shujaa: "Kesho naenda kwa daktari!" Watu wanapiga makofi. Msimamizi asimwachie hapo. Ampeleke mapokezi, mwigizaji mwingine awe karani. Kaka mmoja alifika mbele ya "karani" akasema, "Nimekuja kwa ajili ya... ile." Ile gani? Akakwama. Ukumbi ukaanza kumpa maneno, mmoja hili, mwingine lile, hadi likapatikana hili: "Mimi ni mwanamume mweusi, nimeshapita miaka 45, nataka kuzungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA." Alilirudia mara tatu, sauti ikipanda. Kwangu sentensi ile ina thamani kuliko vipeperushi vyote tulivyowahi kugawa.

Kisha waache waulize kupitia mhusika. Hakuna atakayesimama aseme anaogopa kuingizwa kidole. Lakini, "Huyu dereva wetu, watamfanya nini huko?" huulizwa bila shida, na kila mtu anatega sikio. Hapo ndipo muuguzi mliyemwalika anapopata nafasi ya kueleza kwamba huanza na damu, na kwamba PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikipanda si lazima iwe saratani. Asipande jukwaani na asihutubu. Ajibu alichoulizwa tu.

Mahali nako kuna uzito. Utafiti wa Los Angeles uliochapishwa mwaka 2018 ulipeleka wafamasia katika vinyozi 52 vya watu weusi, na presha za wateja zikashuka zaidi sana kuliko pale kinyozi alipotoa ushauri peke yake. Onyesho fupi kwa kinyozi, kati ya mteja na mteja, linawezekana kabisa. Kuhusu wanawake, maoni yangu ni haya: onyesho la kwanza liwe la wanaume peke yao, la pili familia nzima, maana mama ndiye mara nyingi anayejua babu alifariki kwa nini.

Usiwaombe wanyooshe mikono kusema nani atakwenda kupima. Chapisha ile sentensi kwenye kikadi kinachoingia pochini, na ukodishe ukumbi kwa saa moja zaidi ya muda wa mchezo, muuguzi akiwa bado yupo. Wengi huja kuuliza habari zao wenyewe wakati wa kupanga viti.