Injini ya kujifunzia ufundi pikipiki, usinunue inayowaka

Machalii na dada zangu mnaotaka kuingia kwenye ufundi wa pikipiki hapa Chuga (Arusha), swali la injini ya kujifunzia nyumbani naulizwa sana na jibu langu ni lile lile, achana na inayowaka. Inayowaka inagombewa na watu wa boda kwa hiyo bei yake imesimama, alafu ukishaipata utaogopa hata kuigusa, utajiambia si inawaka, ya nini kuichokonoa. Tafuta iliyokufa ila iwe imekamilika na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inazunguka. Iliyokufa unaifungua huku unatafuta kilichoiua na hapo ndio ufundi unaingia kichwani.

Aina anza na hizi za Kichina za pushi rodi (vijiti vya kusukuma valvu) zilizoigwa kutoka Honda CG125, ile iliyotoka mwaka 1976. Hazina cheni ya taimingi, kemu (shafti inayofungua valvu) iko chini inazungushwa na gia ya krenki moja kwa moja, unalinganisha alama na alama umemaliza. Boxer na TVS utakutana nazo sana kijiweni lakini kemu zao ziko juu kwenye hedi (kichwa cha silinda), kuna cheni na tenshena ya kuikaza, hizo ziache kwanza.

Soma namba iliyogongwa kwenye injini. Ukikuta 156FMI, ile 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapozwa na upepo, M ni pikipiki na I ni sisi (cc, ujazo wa injini) 125. 162FMJ ndio ya sisi 150. Watu wanapigwa sana hapa, anaambiwa hii ni mia hamsini analipa ya mia hamsini, kumbe angesoma tu. Na ile namba ndefu inayofuata ndio iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki, muuzaji akuonyeshe kadi au kopi yake muandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikiwa imesagwa na grenda ondoka hapo hapo hata kama anakupa bure, kupokea mali ya wizi ni kesi na hakuna injini mbovu ya kukulaza sentro, polisi.

Kuipata zunguka gereji za Unga Limited na Mbauda, walio Moshi pitieni Pasua na Majengo, ongea na mafundi wenyewe. Injini zimelala chini ya mabenchi kibao, ila nyingine ni za wateja ambao hawajarudi, hakikisha mwenye mali ndiye anayeuza. Kabla ya kutaja bei pita kwa wanunuzi wa chuma chakavu uliza alminiamu kilo shilingi ngapi, hiyo ndio bei ya chini kabisa, ukipanda hapo uwe unalipia vitu unavyoviona.

Ukifika kwa muuzaji mwambie atoe plagi, kisha sukuma kiki kwa mkono taratibu, ikifika mahali ikagoma kabisa hapo kuna kitu kimevunjika au pistoni imekamata. Mwaga oili kidogo kwenye kikopo uisogeze juani. Unga unaong'aa ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyovishika kwa vidole ni gia au beringi imesambaa, bado unaweza kuichukua lakini bei ishuke.

Sasa ikiwezekana fungueni kava ya upande wa klachi, na muuzaji akikataa kwa hii usilazimishe, utafungua nyumbani. Kwenye ncha ya krenki kuna kama kibakuli chenye kifuniko cha skrubu ndogo, lile ni chujio, likizunguka uchafu wa oili unarushwa pembeni na kuganda humo. Oili mtu anabadilisha jana ili auze, kibakuli hakuna anayekikumbuka. Ukikuta tope jeusi limeganda kwenye kuta ujue hii ilipigishwa kazi na oili ya zamani miaka, tegemea konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) inacheza. Ndani yake kuna nati ya makato manne, angalia makato yako vipi. Yakiwa yameliwa na kupinda kuna fundi alishapita na tindo, na aliyepiga tindo hapo kapiga na kwingine, kagua nyuzi za bolti zote. Wewe usipige. Chukua bomba la chuma linaloingia pale, chonga meno manne, mchomeleaji akuchomelee nati nyuma ya kushikia spana, utalitumia miaka.

Magineti (ile ya kuzalisha umeme) nayo inataka puli yake, kifaa cha kuivuta itoke, usiitoe kwa bisibisi mbili.

Wakati wa kufungua bolti za kava chomeka kwenye kipande cha boksi kwa umbo lile lile la kava maana urefu unatofautiana, ukiweka ndefu pasipo pake unatoboa. Gasketi na ringi usinunue kwanza mpaka umeosha kila kitu kwa dizeli na umepima silinda, inaweza kutaka kuchongwa na saizi ya pistoni ikabadilika. Tapeti (nafasi ya valvu) utaziseti kwa fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba, milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga.