Karanga zinanyauka mojamoja, shida nini?

SWALI: Shikamoo bibi shamba. Niko Kongwa, nimelima karanga heka mbili mbegu ya Pendo, zina kama siku 90 sasa. Zilikaa vizuri kabisa ila mvua ilivyokata zimeanza kunyauka, leo mche huu kesho ule kule mbali, majani hayana doa wala nini. Jirani anasema ni jua tu, mwingine ananiambia nipulizie dawa. Nifanyeje jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jua halichagui hivyo, lingenyausha mstari mzima. Ng'oa mche ulioanza kulegea leo, usisubiri ukauke, halafu pasua mzizi mkuu kwa kucha. Ukikuta umeliwa ndani na umejazwa udongo, huyo ni mchwa. Cheki na maganda, kama yamekwanguliwa yamebaki nyuzinyuzi kama wavu basi ndo mwenyewe.

Kupulizia majani ni kutupa hela, mdudu yuko chini. Kuchimba kichuguu umtoe malkia kunasaidia kwa wale wanaojenga, ila kuna wale wadogo hawana kichuguu na ndo wanazipenda sana karanga, sasa utachimba shamba zima?

Cha kukuokoa saa hizi ni kuvuna. Ng'oa miche mitatu minne sehemu tofauti, menya, angalia ndani ya ganda, ukiona mengi yameshaweka rangi ya kahawia au weusi anza kung'oa kesho, usiseme ngoja wiki moja zijaze, hiyo wiki unamlimia mchwa. Na zisilale chini kwenye udongo, anika kwenye kichanja au turubai.

Zilizokwanguliwa au kutobolewa tenga pembeni, maana ukungu unaotengeneza sumu iitwayo sumukuvu unapitia hapohapo, na huku kwetu Dodoma 2016 sumukuvu imeshaua watu, sio stori za redioni.

Msimu ujao wahi mvua za kwanza, panda sentimita 50 kwa 10 usiache mapengo, hiyo ni ya kuwazuia vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanaoleta ule ugonjwa wa kudumaa na majani kuwa njano. Kwa mchwa tafuta dawa ya kupaka mbegu, dawa yenyewe iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ila mbegu iliyopakwa ikibaki hailiwi hata ioshwe mara kumi.

Na zile ulizotenga usiwamwagie kuku ukaona umeokoa, sumukuvu inawamaliza na wao.