Pikipiki ya kilomita 78,000: niichukue au niiache?

Swali: Shikamoo fundi. Natafuta pikipiki ya kwendea kazini na safari ndefu za wikiendi, nimepata mbili, modeli moja, zote zina miaka 11, silinda mbili, 650 cc, inapozwa na maji. Ya kwanza imetembea kilomita 78,000, mwenyewe ni mmoja tangu ikiwa mpya na risiti zote za sevisi anazo. Ya pili imetembea 19,000 tu, lakini imesimama kama miaka minne bila kuwashwa na anayeiuza hana karatasi hata moja ya sevisi, halafu bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Kila ninayemuuliza ananiambia hiyo ya 78,000 ishachoka, nikinunua nimenunua matatizo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Si kweli, au tuseme si kweli mpaka uione. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na hiyohiyo ya 78,000, na ningeenda asubuhi kabla haijawashwa.

Watu wanaiangalia ile namba kwenye dashibodi kana kwamba injini inahesabu kilomita, injini haihesabu kilomita. Kinachoimaliza ni kuwashwa ikiwa baridi mara nyingi, oili chafu, oili pungufu, na joto kupita kiasi. 78,000 kwa miaka 11 ni kama kilomita 7,000 kwa mwaka, wala si matumizi ya kutisha, na kama nyingi zilikuwa za barabara kuu basi kila ikiwashwa injini ilipata moto vizuri, ikakaa kwenye gia moja muda mrefu, klachi haikuteseka. Sasa linganisha na mtu anayewasha anaenda kilomita mbili anazima, kila siku hivyohivyo, injini haifiki joto lake, unyevu na petroli vinabaki ndani ya oili, huyo hata akiwa na 19,000 tu ameila injini kuliko mwenzake.

Ile iliyosimama ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Petroli ikikaa inageuka kama gundi, inaziba nozeli, tangi linaweza kushika kutu kwa ndani, sili zinakauka na ukianza kuitembeza ndo zinaanza kuvuja, oili ya breki inavuta unyevu (hiyo kwa kawaida inabadilishwa kila miaka miwili hata usipotembea), betri usiihesabu. Tairi pia, usidanganywe na kashata (zile meno za juu ya tairi zinazoshika barabara), angalia ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta bado ina tairi zake za kiwandani basi ni za kutupa hata kama kashata imejaa.

Na hiyo 19,000 yenyewe nani kakuhakikishia? Odometa, ile hesabu ya kilomita kwenye dashibodi, inarudishwa nyuma, hata ya kidijitali. Angalia mpira wa kukanyagia, pedali ya breki, hendeli, siti, ufunguo umelika kiasi gani. Angalia diski, nyingi zimegongwa namba ya unene wa mwisho kabisa unaoruhusiwa, fundi akipima akakuta diski imekaribia pale wakati kilomita ni 19,000, hapo ujue kuna kitu.

Turudi kwenye ya 78,000. Zile risiti usizihesabu tu, zisome. Kubadilisha oili ni jambo rahisi, wengi wanafanya, wewe tafuta sehemu iliyoandikwa valvu (vile vilango vya injini vinavyoingiza hewa na petroli na kutoa moshi) zimepimwa. Kwenye injini za namna hii kitabu cha pikipiki kinataka valvu zipimwe kila baada ya kilomita kadhaa, inatofautiana kwa modeli lakini kwa 78,000 ilitakiwa iwe imeshafanyika, na ni kazi inayokula muda mwingi wa fundi ndo maana wauzaji wengi wanaikwepa wanamwachia mnunuzi. Kama haijafanyika si lazima uiache, ila gharama yake itoke kwenye bei. Halafu angalia kama kila risiti ina tarehe na kilomita, na kilomita zinapanda vizuri bila kuruka wala kurudi nyuma, hapo umeshapata uhakika wa odometa bila kubishana na mtu.

Ukifika shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, muulize kwa upole kwa nini kaiwasha, na uombe kurudi siku nyingine, kwa sababu injini yenye shida inajificha ikishapata moto. Washa. Isikilize, mlio wa taimingi cheni (cheni ya ndani ya injini inayoendesha valvu) ukisikika sekunde mbili tatu ukapotea si neno, usipopotea ni kazi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaoisha ni mvuke tu, ila mweupe usioisha ni maji yanaingia kwenye silinda, mweusi ni petroli nyingi na mara nyingi unatibika, wa bluu ndo mbaya maana inakula oili. Wa bluu wakati wa kuwasha tu kisha unaisha mara nyingi ni sili za valvu, wa bluu unaotoka ukivuta mafuta ni ringi za pistoni, na hapo fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kabla hujatoa hata senti. Angalia oili, ikiwa na rangi kama ya maziwa kuna maji ndani, shukuru na uondoke.

Vingine ni vya haraka. Inyanyue tairi la mbele, geuza hendeli taratibu, ikijishika pale katikati beringi za kichwa, zile zinazoizungusha hendeli, zimekwisha. Vuta cheni pale nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), ikiachia nafasi ya kuona jino zima imeisha, na cheni na sproketi zinabadilishwa pamoja, usikubali nusu. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele uone kama kuna oili. Namba ya fremu, ambayo mara nyingi ina tarakimu na herufi 17, ilingane na karatasi, isipolingana hakuna mazungumzo tena.

Kisha iendeshe. Panda gia zote, vuta mafuta kwa nguvu kwenye gia ya pili na ya tatu. Gia ikiruka yenyewe, achana nayo hata kama bei inavutia namna gani, maana kuitengeneza ni kupasua injini nzima. Tairi, cheni, breki pedi, betri, beringi za kichwa, vyote hivyo ni vya kubadilisha na kuvikatia bei, lakini gia zinazoruka, ringi zilizokwisha, fremu iliyopinda, hivyo usivipigie hesabu ya bei, iache tu pikipiki.

Ikipita hapo, mdogo wangu, ichukue ya 78,000, na ile pesa uliyookoa weka pembeni kwa ajili ya tairi na sevisi kubwa ya kwanza. Naona wanaokutisha wanakutakia mema, ila wanaangalia namba tu.

Swali: Kaka, hivi kilomita nyingi ni ngapi? Nipe namba moja basi nishike hiyo.

Jibu: Siwezi kukupa moja kaka, nikikupa nitakuwa nakupoteza. Honda Gold Wing ya 1,800 cc ina silinda sita, inazunguka taratibu, kilomita 100,000 kwake si habari. Injini ndogo ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ikishinda inabebeshwa mizigo na kukamuliwa mafuta mpaka mwisho, inaweza kuhitaji pistoni mapema zaidi ya hapo, ila nayo vipuri vyake ni rahisi na fundi anaifungua na kuifunga siku hiyohiyo. Kwa hiyo uliza kwanza ni injini gani, ilifanya kazi gani, na kuitengeneza kunagharimu kiasi gani ukilinganisha na bei unayoambiwa.

Swali: Muuzaji anasema injini imefanyiwa oveholi mwezi uliopita, ndo maana bei iko juu. Hiyo ni faida kwangu?

Jibu: Ni faida kama ana risiti za vipuri na unaweza kuongea na fundi aliyeifanya. Muulize ilinoki kwa nini, silinda ilichongwa au zilibadilishwa ringi tu, imetembea kilomita ngapi tangu ifungwe na oili ya kwanza baada ya hapo ilimwagwa lini. Mtu anayetengeneza injini kwa pesa nyingi halafu anaiuza mwezi mmoja baadaye ana sababu, inaweza kuwa ya kawaida kabisa, ila aiseme. Akishindwa kujibu hayo, ilipie bei ya injini ambayo haijaguswa.